Intavyu Oyee!

Wakenya tumezoea kusifu vitu ambavyo sifa zake zilikwisha kujaa: chai ya Kericho, wanariadha wa Iten, kuku wa sisi Waluhya. Mimi leo nasimama kukisifu kitu kinachotukanwa kila Novemba na watu wale wale wanaokigharamia, yaani intavyu ya mtoto wa miaka mitano anayetaka kuingia Gredi ya Kwanza kwenye akademi ya kibinafsi.

Mwaka 2003 serikali ilifuta karo katika shule za msingi za umma. Mwaka 2013, Sheria ya Elimu ya Msingi ikazikataza shule za umma kumtahini mtoto ndipo zimsajili. Mwaka 2023 mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi, uliokuwapo tangu 1985, ukafanywa kwa mara ya mwisho. Mzazi wa Kakamega akatazama huku na huku, akaona hakuna tena mahali pa kukataliwa. Shule inayompokea kila mtu itampa nani heshima? Utasimamaje sokoni useme mwanao "amechukuliwa" ikiwa hata wa jirani amechukuliwa? Aibu hiyo, ni intavyu iliyotuondolea.

Na tazama inavyoulisha mji. Mwenye mashine ya fotokopi anauza "maswali ya mwaka jana", na wala hujui ni ya shule gani. Mwalimu wa tuisheni mchana anafundisha watoto 80 katika darasa moja la umma. Jioni anapanda bodaboda hadi Milimani kumfundisha mmoja, na huyo mmoja ndiye anayemlipia mkopo. Ada ya intavyu nayo hairudishwi, na ni haki. Nani amewahi kurudishiwa sadaka?

Elimu yenyewe ni pana ajabu. Mtoto aliyezaliwa kando ya Msitu wa Kakamega, mbega wakirukaruka juu ya paa lao, anajifunza kwamba P ni pengwini. Tofaa lililosafiri kutoka Afrika Kusini analitambua mara moja. Mapera yanayooza uani hayamsumbui akili, maana hayaulizwi. Akienda Shinyalu, kukhu wake, yaani nyanya yake, akamwamkia kwa Kiluhya, mtoto anajibu, "Faini, tenkyu." Kukhu haelewi kitu, lakini anafungua leso yake na kumtolea shilingi hamsini kwa fahari.

Huku kwetu kuandaa mshindani si jambo geni. Fahali wa kupigana wa Khayega hutengwa na ng'ombe wengine, hulishwa vinono, na Jumamosi asubuhi husindikizwa kwa ngoma za isukuti hadi uwanjani. Mtoto wetu vivyo hivyo: hachezi tena na wenzake, yai halimpiti, na anaamshwa gizani kuhesabu. Ila fahali akizidiwa hugeuka akakimbia, watu wakashangilia, mambo yakaishia hapo. Mtoto akizidiwa anapelekwa akademi ya pili. Akizidiwa na huko, kuna ya tatu, na kila moja ina ada yake.

Siku yenyewe ikifika, mtoto huulizwa jina lake, rangi ya kiti, na tano ukiongeza mbili. Basi. Kisha zamu ya wazazi: mnafanya kazi wapi, nyote wawili? Karo atalipa nani? Hapo ndipo mwalimu mkuu huchukua kalamu na kuanza kuandika. Nimesikia habari za watoto waliolia, waliosinzia, na mmoja aliyemwuliza mwalimu mkuu kwa nini nywele zinamtoka puani. Ambaye sijamsikia bado ni yule aliyelipiwa karo ya muhula mzima kisha akaanguka. Wenye wivu huiita biashara. Mimi naiita huruma: mtihani gani mwingine nchini unaoweza kumsamehe mtoto kila kosa alilofanya, mradi baba yake ana risiti ya benki?

Jirani yangu ameshaniomba maswali ya mwaka huu kabla hayajachakaa, nami nimempa yote, pamoja na majibu. Mwanawe ana miezi kumi na minne na bado anakula udongo. Lakini penseli tayari anaishika, ingawa kwa mdomo.