Mwanzo Juu, Mwisho Chini

Kosa la kusogeza mipaka ya bloku huweza kujificha miaka mingi. Jumamosi iliyopita mjini Wote lilijitokeza mbele ya chama kizima, fundi aliyeandika programu ya daftari lao akiwa ameketi meza ya wageni, soda mkononi.

Mfumo wa faili haugawi nafasi ya diski kwa baiti moja moja. Hugawa kwa bloku, na kwenye Linux bloku kwa kawaida huwa baiti 4,096. Chama kilitaka mikopo ya zamani ifutwe katikati ya daftari, kuanzia baiti 5,000 hadi kabla ya 14,000, nafasi irudi kwa diski. Hakuna mpaka wa bloku unaoangukia kwenye ncha hizo mbili. Kwa hiyo mwanzo hupandishwa hadi 8,192, mwisho hushushwa hadi 12,288, na bloku moja tu iliyo kati ndiyo huachiliwa; masalia ya pande mbili hujazwa sufuri papo hapo. Programu ilifanya kinyume, mwanzo chini, mwisho juu, kama mkulima wa Makueni aliyetumwa kuchimba fanya juu, mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu, akautupa chini, ukafunika maharagwe ya jirani.

Jirani wa safari hii alikuwa baiti 904 zilizotangulia: rekodi za waliomaliza kulipa, wa kwanza wao mwenyekiti, yuleyule aliyetunga sheria ya faini. Kwa mujibu wa skrini, mama huyo hakuwahi kulipa hata shilingi. Alitoa risiti mkobani. Wanachama wakaamini skrini. Soda ilikuwa imeshafunguliwa, ndiyo sababu fundi hakunyang'anywa.

Hata kusogeza kukiwa sahihi, ajabu zaidi ni kipande kinachoanza na kuishia ndani ya bloku moja, tuseme 5,000 hadi 6,000. Mwanzo hupanda hadi 8,192, mwisho hushuka hadi 4,096, na urefu huwa hasi 4,096. Namba ya biti 64 isiyojua hasi huusoma kuwa 18,446,744,073,709,547,520, na programu huanza kufuta kwa utiifu mkubwa. Dawa ni kuuliza kwanza kama mwisho umeupita mwanzo, ndipo kutoa.

Kompyuta walau hukosea pande zote. Mkulima wa Kitui akipeleka ndengu kwenye mizani ya dalali, gramu zilizozidi hushushwa. Akirudi kununua mbegu, bei hupandishwa kwa kuwa hakuna chenji. Kasoro hiyo haina fundi anayeitwa kuirekebisha.

Ile ya programu inaye: huko Kibwezi, programu hiyohiyo ya daftari ilifuta tarehe tu. Majaribio sasa hupima urefu wa 0, 1, 4,095, 4,096 na 4,097, kabla ya kikao.