Sifa za Mkeka Uliochanika

Mgeni akiingia Dar es Salaam, kabila lake litaulizwa baadaye. Kwanza ajibu: Simba au Yanga? Hakuna kukaa katikati. Yanga ilizaliwa 1935, Simba mwaka uliofuata, na hadi leo nyumba moja inaweza kuwa na baba wa kijani cha Yanga na mama mwekundu wa Simba, wakala sahani moja bila kusemeshana, kama jioni ile ya Novemba 5, 2023, Yanga ilipoondoka na mabao 5–1.

Nilijiuliza watani hawa wanapatanishwa na nini. Jibu lilikuwa kwenye kibanda umiza cha kutazamia mpira, juu ya benchi lisilo na egemeo: mkeka uliochanika, yaani tiketi ya kubeti iliyokosa.

Nausifu bila kuona haya. Mkeka uliotiki ni mchoyo; mwenyewe huzima simu ndugu wasimpate. Uliochanika una ukarimu. Dakika ya 93 kipa wa huko Uturuki anatema mpira, na hapo mnazi wa Simba wa Msimbazi na mnazi wa Yanga wa Jangwani wanashika vichwa pamoja, wanamlaani kipa pamoja, kisha mmoja anamnunulia mwenzake kahawa.

Tena ni mwalimu. Kijana asiyewahi kuvuka Chalinze anakutajia timu za daraja la pili Norway, na nani ana kadi. Hesabu ndiyo usiseme: mechi sita, kila moja odi 1.50, jero, yaani shilingi mia tano, inazaa zaidi ya shilingi 5,600. Anazidisha kichwani, chapuchapu. Ile hesabu nyingine, kwamba hata kila mechi ikiwa na nafasi mbili kati ya tatu, zote sita kutiki ni chini ya mara moja katika kumi, haifundishwi kibandani. Ingeharibu mazungumzo.

Wala msidhani pesa imepotea. Kampuni za kubeti zimewahi kuandika majina yao kwenye jezi za Simba na za Yanga vilevile, kwa hiyo jero ya mtu wa Msimbazi huenda imechangia mshahara wa mshambuliaji wa Jangwani. Sadaka gani nyingine humfikia hasimu kimyakimya hivyo?

Halafu kuna kodi. Ushindi hukatwa. Hasara Serikali haiigusi: unaruhusiwa kwenda nayo nyumbani yote, bila makato, ukamweleze mama watoto.