Kimea cha Mama Mkwe

Mama mkwe alishuka kwenye basi la Matai na viroba viwili, kimoja cha mahindi na kingine cha ulezi. Kipaimara cha mjukuu wake kilikuwa kimekaribia, na yeye si mtu wa kukubali wageni wake waishie kwenye soda. Togwa lazima liwepo, na kimea ataotesha mwenyewe.

Anayeijua Sumbawanga anaujua mwezi wa saba. Mji umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kipupwe kikianza kuvuma watu wanaota jua la mchana wakiwa na makoti. Ulezi uliokwisha kulowekwa, ukafunikwa hadi ukachipua, unataka kukaushwa mahali ambapo upepo hautaupeperusha wala kuku hawatauona. Kwetu, mahali hapo ni stoo. Mama mkwe akatandika mkeka nyuma ya magunia ya mahindi, akamwaga ulezi wake, akausawazisha kwa kiganja mpaka ukalala kama mchanga wa ziwani.

Tatizo ni kwamba stoo ina mwenyewe, naye anaitwa Mtendaji.

Mtendaji ni paka dume, tuliyempata kwa jirani kwa kisado cha maharage mwaka ambao panya walitoboa magunia mpaka tukawa tunafagia unga sakafuni. Jina alipewa na watoto, kwa kuwa anaingia kila nyumba ya mtaa bila hodi na hatoki mpaka apewe kitu. Tangu aje, magunia yamebaki mazima. Mahindi ndiyo benki ya nyumba nyingi za Rukwa, kwa hiyo paka wa stoo hafukuzwi kwa kosa moja. Hata kwa kosa kama lile.

Aliyeligundua ni mtoto wetu mdogo, aliyetumwa kuchota mahindi ya kupeleka mashineni. Alisimama mlangoni akaita kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Bibi! Mtendaji naye kaotesha!"

Katikati ya mkeka palikuwa na kilima kidogo, kimefukiwa kwa ustadi. Pembeni mwa kilima, michirizi ya kucha ilikuwa imepita juu ya machipukizi, yote ikivuta upande mmoja. Kazi safi, ya mtu asiye na haraka.

Sasa, nani amweleze mwenye kimea, ambaye wakati huo alikuwa nyuma ya nyumba akichambua maharage? Mimi na mama mkwe tunaheshimiana. Tukikutana kwenye korido mmoja wetu hurudi nyuma. Jambo zito kuliko yote tuliyowahi kuzungumza ni bei ya mbolea. Siwezi kupanda cheo ghafla hadi mavi ya paka. Nikamtuma mke wangu. Nikiwa sebuleni nilimsikia akisema kwa unyenyekevu kwamba paka amechafua kimea. Pakawa kimya. Kisha mama mkwe akauliza: "Amechafua chote, au upande?"

Swali hilo lilinikaa.

Mchana majirani walikuja kutoa pole. Mmoja akanong'ona kwamba paka wa namna hiyo ametumwa. Kwa sifa ya uchawi ambayo mji wetu umebandikwa nchi nzima, maneno hayo hayachelewi kufika. Mke wangu akamjibu kwamba aliyetumwa angepanda kitandani, asingehangaika kufukia. Mwingine akashauri paka asuguliwe pua kwenye uchafu wake. Hilo nililikataa. Paka hajifunzi choo kwa kusuguliwa pua. Anajifunza kukuogopa, kisha anatafuta kona ambayo hutaigundua mpaka wiki iishe.

Ukweli ni kwamba Mtendaji hakuwa na ubaya na mtu. Paka wote wa nyumbani chimbuko lao ni paka pori wa Afrika, mnyama wa maeneo makavu, anayetafuta udongo tifutifu, achimbe, amalize, afukie. Masika yote choo chake kilikuwa kwenye ntumba za bustani yetu, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia majani ndani yake yaoze yawe mbolea. Mvua zilipokatika udongo ukakaza, na jirani naye akaleta mbwa. Huku ndani, mtu anamwaga ulezi penye utulivu. Ungekuwa wewe?

Tukamtengea beseni. Watoto waliliweka karibu na sahani yake ya dagaa ili asipate taabu, naye hakuligusa: paka hajisaidii mahali anapolia chakula. Tukalihamishia kona ya stoo, tukalijaza majivu ya jikoni. Hapo alikubali, ila alitoka na majivu kwenye nyayo, akapita juu ya vitambaa vya makochi hadi dirishani. Wamarekani nao waliyapitia hayo. Mwaka 1947, katika mji mdogo wa Cassopolis, Michigan, mama mmoja aliyechoshwa na nyayo za majivu alimwendea jirani yake, Edward Lowe, kuomba mchanga. Lowe akampa udongo mkavu uliokuwa ukiuzwa viwandani kwa ajili ya kunyonya mafuta yaliyomwagika, na udongo huo ukaja kumtajirisha. Sisi tulipata mchanga kwa fundi anayejenga nyumba ya pili, bure.

Mke wangu akaona amalizie kwa kumwaga jiki sakafuni, mahali Mtendaji alipokuwa amekojoa. Ikafumka harufu iliyotutoa wote nje tukikohoa. Mkojo una amonia, na amonia ikikutana na jiki hutoa hewa inayochoma kifua. Siki na maji ndivyo vilivyofaa tangu mwanzo, bila jiki, milango ikiwa wazi.

Bwana mifugo, ambaye siku zake nyingi ni za ng'ombe, alipita jioni, akauliza kitu ambacho hakuna aliyekifikiria: je, mkojo unatoka? Dume anayechuchumaa kila mahali bila kutoa tone huenda njia imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku chache. Wa kwetu alikuwa mzima. Akashauri ahasiwe, watoto wakamnunia. Akasisitiza beseni lizolewe kila siku, tena mjamzito asiliguse: vimelea vya toksoplasma vikishatoka na kinyesi huhitaji siku moja au zaidi ndipo viweze kuambukiza.

Kuhusu kile kimea, mke wangu aliniambia wamewapa kuku. Nilikwenda bandani. Sikuona hata punje moja, na kuku walinitazama kama wenye njaa.

Siku ya kipaimara turubai lilifungwa, kwaya ikaimba, mitungi ikatolewa. Mimi najua togwa linavyopikwa. Uji unachemshwa vizuri, unaachwa upoe, na kimea kinaingia baadaye, kwa sababu moto mkali ungekiua kisifanye kazi. Nilikuwa bado napiga hesabu ya ile siku moja ya vimelea na ya ule "upande" wakati mama mkwe aliponifikia, akapiga goti kidogo, akaninyooshea kikombe kwa mikono miwili mbele ya wazee wa pande zote.

"Karibu, baba."

Sikuwa na pa kuuliza. Nikanywa mpaka chini. Lilikuwa zuri, lenye uchachu kidogo, na kabla sijafuta mdomo akaniongeza.