Sifa za Ugomvi wa Maegesho

Katika fasihi ya kale ya Ulaya upo utanzu wa sifa za kejeli, yaani utungo unaokitukuza kwa maneno ya fahari kitu ambacho watu wote wamekubaliana kukidharau. Lucian, aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 2, alimsifu nzi, na Erasmus wa Rotterdam, katika kitabu kilichochapwa mwaka 1511, aliusifu upumbavu kwa kinywa cha upumbavu wenyewe. Ankole nako, huko Uganda, ambako ndiko mji wa Mbarara ulipo, Wahima wana ebyevugo, majigambo ya kishairi ambayo mtu huyaghani kwa kasi mbele ya wenzake akijitaja yeye na vita vyake, na wana pia tungo za kuwasifu ng'ombe kwa rangi na pembe zao. Ikiwa nzi alistahili sifa, na ng'ombe bado anastahili, basi ni dhuluma kuunyima heshima hiyo ugomvi wa maegesho, ambao kila usiku huwahudumia watu wengi kuliko nzi na hauhitaji malisho. Ugomvi huo, kwa maana inayotumika hapa, ni mabishano yanayozuka kati ya dereva wa lori la masafa marefu na wahudumu wa mahali anapolala, yaani mlinzi wa geti, karani wa risiti, mpanga magari na mama wa chakula, kuhusu mambo mawili ambayo yakitazamwa vizuri ni jambo moja: gari litasimama wapi, na fedha iliyolipwa imenunua nini.

Desturi ya sifa ni kuanza na nasaba. Baba wa ugomvi huu ni barabara, nayo ni barabara ya ukoo mkubwa: Ushoroba wa Kaskazini, ambalo ni jina la njia ya mizigo inayotoka bandari ya Mombasa, ikapita Nairobi, Malaba, Kampala, Masaka na Lyantonde, hata ikafika Mbarara baada ya karibu kilomita 1,400. Hapo njia hugawanyika kama vidole, kimoja kikielekea Ntungamo na Kabale hadi mpaka wa Katuna kwa wanaokwenda Rwanda, kingine Ishaka na Kasese hadi Mpondwe kwa wanaokwenda Kongo, na kingine Isingiro na Kikagati kwa wanaovuka kuingia Tanzania. Mpaka wa Katuna ulipofungwa kuanzia mwisho wa Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022, malori mengi ya Rwanda yaliyokuwa yakipita huko yaligeukia kituo cha mpaka cha Mirama Hills, lakini nayo yalilazimika kwanza kupitia Mbarara, kana kwamba mji huo ulikuwa umepewa ugomvi kwa wosia na hakuna serikali iliyoweza kuutangua. Mama wa ugomvi ni ufinyu. Kichwa na tela lake hukaribia urefu wa mita 18, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu hadi tani 56, ilhali viwanja vya Ruti, kitongoji kilicho ng'ambo ya Mto Rwizi katika barabara ya Kabale ambacho madereva wamekifanya bweni lao, ni vya udongo, na mvua za masika zikinyesha nafasi iliyokuwa ya magari kumi huwa ya magari sita na bwawa moja. Mkunga aliyemzalisha mtoto huyu ni kufuli. Shehena inayopita Uganda kwenda nchi nyingine huweza kufungwa kwa kufuli la kielektroniki linalowatumia maofisa wa forodha habari za mahali lori lilipo, hivyo dereva anayesimama mahali pasipoeleweka hutazamiwa kujieleza; hana uhuru wa kukichoka kiwanja akalale chini ya mwembe wowote, na mtu asiyeweza kuondoka, kama ijulikanavyo katika ndoa, hubishana kwa bidii zaidi.

Baada ya nasaba huja matendo, na tendo kuu la ugomvi huu ni elimu. Nchini Uganda Kiswahili kilikaa miaka mingi katika sifa mbaya ya lugha ya wanajeshi na ya amri, mpaka marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maamuzi hayo ni mazuri, isipokuwa kwamba shule huhitaji walimu, vitabu na kengele, na ugomvi wa maegesho hauhitaji hata kimoja. Mwanafunzi wake huingia darasani saa tatu usiku akiwa na hasira, na hasira, kama mwalimu yeyote wa lugha atakavyokiri akiwa peke yake, hufungua kinywa upesi kuliko zoezi la ngeli.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha mtaala huo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, kwa hiyo si ajabu kijana aliyekulia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambaye wazazi wake walitoka Kivu, akawa anapanga magari Mbarara. Kijana huyo humwambia dereva wa Mombasa, "Shofere, kamyo yako iko nafunga njia," kwa kuwa katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kilichokopa kwa Kifaransa, dereva ni shofere, lori ni kamyo na dizeli ni mazutu. Dereva, ambaye kwao Kiswahili ni mali ya ukoo, huguswa mara mbili, kwanza kwa kuambiwa ahame na pili kwa kuambiwa kwa sarufi ile, naye hujibu kwamba lori hili halitoki hapa mpaka aonyeshwe risiti yake imeandikwa nini. Mama wa chakula, Mnyankole ambaye shuleni alisoma Kiingereza na kanisani Kinyankole, huingilia kati kwa "banange," yaani jamani, na "ssebo," yaani bwana, kisha huendelea kwa Kiswahili alichokiokota kwa wateja, akiwaambia wote wawili wampishe apite na sufuria. Robo saa ikipita, dereva ameshasema "mazutu" bila kujitambua, kijana amejifunza kwamba lori huwa "hili" na si "hii," na mama amepata neno "upuuzi," ambalo atalitumia kesho yake kwa mtu asiyehusika kabisa. Washairi wa pwani walilijua hili zamani, maana Muyaka bin Haji wa Mombasa aliinoa lugha yake kwa kujibizana na wapinzani wa Lamu, na hakuna anayesema kwamba angetunga vizuri zaidi kama angekuwa na majirani wapole.

Ugomvi mkali kuliko wote hutokea lori linaporudi nyuma, nao unafaa kutazamwa kwa karibu. Kurudisha tela nyuma ni kazi ya kinyume, kwa sababu usukani ukikatwa kulia mkia huelekea kushoto, na dereva, aliyekaa juu katika kichwa cha gari huku tela lililopinda likimziba kioo cha upande mmoja, hana budi kumwamini mtu asiyemwona. Mtu huyo ni yule yule mpanga magari, kijana mwenye tochi na lugabire, yaani makubadhi yaliyochongwa kwa tairi kuukuu, ambaye dakika mbili zilizopita aliitwa mwizi. Husimama nyuma ya tela akilipiga ubavuni kwa kiganja, "kuja, kuja, kuja, kata, kata, lete, basi!", na kati ya "kuja" moja na nyingine huendelea kujibu tusi la mwanzo; dereva naye, shingo ikiwa nje ya dirisha, huendelea kuongeza la pili, wala mikono iliyo kwenye usukani haikosei hata neno moja la mtu anayemtukana. Gurudumu la mwisho hutua shibiri moja kutoka ukutani. Kijana huweka jiwe nyuma ya tairi ili gari lisiserereke, hulisukuma kwa unyayo kuhakikisha limekaa, kisha hurudi mbele kumalizia hoja yake. Mataifa yametia saini mikataba ya ushirikiano isiyofikia nusu ya usahihi huo.

Haki nayo hutendeka humo, ingawa kwa sauti. Mlinzi aliyeambiwa usiku kucha kwamba hafai hulazimika kukesha ili asithibitishe maneno hayo, na wanyonya dizeli, yaani wezi wanaotumbukiza mpira katika tangi la lori lililolala, hupendelea viwanja vyenye amani. Ni kweli kwamba karani humtoza dereva kwa ajili ya bafu kisha humkabidhi jerikeni ya maji baridi, na ni kweli pia kwamba yapo malori yanayoondoka kabla ya saa ya malipo taa zikiwa zimezimwa; lakini katika mambo mengi kila upande humwibia mwenzake kwa kiasi kinacholingana, na mizani ya namna hiyo ni adimu hata kwenye mizani ya barabarani.

Anayetilia shaka thamani ya ugomvi huu na aukumbuke mwaka 2020. Lyantonde, mji mdogo ulio kati ya Masaka na Mbarara, ulikuwa umeshaandikwa sana na watafiti wa ukimwi tangu miaka ya 1980, na humo dereva na mhudumu wa baa waliingizwa katika majedwali kama njia ya maambukizi, wasisikike wakisema lolote. Korona ilipofika jedwali lilirudi. Madereva walipimwa mipakani, matangazo ya kila siku yakawataja wao kuliko wengine, malori yakaamriwa kusimama katika vituo maalumu tu, na mwezi Mei 2020 madereva wageni waliokutwa na virusi wakaondolewa katika hesabu ya taifa, kana kwamba ugonjwa nao ungehitaji pasipoti. Njiani milango ilifungwa. Wenye vibanda waliokuwa wakiwalaani madereva kwa kuziba njia sasa waliwakimbia bila kuwalaani, kwa kuwa kugombana kunawataka watu wawili wakaribiane kiasi cha kusikiana, na dereva aliyekuwa akiitwa mkaidi, bahili na mtoto wa nani sijui hakuitwa kitu. Sifa ya ugomvi ni hiyo, kwamba hauwezi kufanywa na mtu ambaye hayupo.

Inapofika Nakivale, katika wilaya ya Isingiro kusini-mashariki ya Mbarara, hoja hii hubadilika sura. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, nayo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waeritrea na Waethiopia, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao sokoni. Malori yaendayo huko si marefu. Yapo yanayopeleka mahindi, maharage na mafuta ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ambalo mwaka 2023 liliwapanga wakimbizi katika makundi matatu kufuatana na uhitaji, na yapo ya wafanyabiashara, hasa Fuso, yanayokuja kununua mahindi na maharage ya wakimbizi au kupakia matoke ya Isingiro. Dereva wa Fuso hufika Base Camp, ambayo ndiyo kitovu cha makazi, saa sita mchana, akatafuta kivuli, na kivuli kilichopo ni cha mti ulio mbele ya meza ya mama muuza maandazi. Huko hakuna geti wala risiti. Huduma anayoidai dereva ni chai, tena kwa mkopo, na maegesho anayoyachukua ni mlango wa duka la mtu.

Inafaa kueleza kwamba mkimbizi nchini Uganda hupewa kipande cha ardhi akitumie, si akimiliki, na karatasi zake, hata akikaa miaka 20, zinaendelea kumwita mkimbizi. Katika ofisi mama huyo huomba, katika foleni ya mgawo hungoja, na mbele ya wageni wenye kalamu hujibu anachoulizwa. Lakini Fuso likiegeshwa mbele ya meza yake na moshi ukaingia katika karai, hunyanyuka, hufunga kanga upya, na husema bila kuuliza ruhusa ya taasisi yoyote, "Hapa kwangu. Toa gari." Dereva hubisha, kwa kuwa ni kazi yake kubisha, na kwa kubisha huko hukubali kwamba pana mwenyewe.

Ugomvi huu una maadui, nao si wajinga. Mamlaka ya Uratibu wa Usafiri wa Ushoroba wa Kaskazini, yenye makao Mombasa na inayotokana na mkataba uliotiwa saini mwaka 1985, imekuwa ikihimiza ujenzi wa vituo vya kando ya barabara ambamo dereva atapata maegesho yaliyochorwa mistari, vyoo, bafu, zahanati, chakula na taa. Madhara ya mpango wa namna hiyo hayahitaji kukuzwa. Mistari ikichorwa, mpanga magari hatakuwa na la kupanga. Maji ya moto yakitoka bombani, jerikeni itakosa mashairi. Na mshahara wa mlinzi ukilipwa kwa wakati, atakuwa mpole kiasi cha kutisha. Kwa bahati njema wapenzi wa ugomvi wanaweza kulala salama, kwa sababu choo kimoja cha shimo bado hutosha, kwa maoni ya wenye viwanja, kwa malori yote yanayoweza kubanana usiku mmoja.

Saa 11 alfajiri Ruti huanza kuunguruma. Dereva hulipa kilichobaki, baada ya kukikana mara mbili, na kijana huinama kuondoa jiwe nyuma ya tairi, hupiga tela kiganja, na gari hutoka likiacha doa la mafuta na mstatili wa udongo mkavu. Badala ya kulitupa jiwe pembeni, kijana hulibeba hadi katikati ya mstatili huo na kuliweka hapo, maana dereva amesema atarudi Alhamisi, na lori la pili likipiga honi getini na dereva wake akauliza kwa nini nafasi tupu haiingiliki, hujibiwa kwa Kiswahili kilichonyooka sasa kuliko cha wiki iliyopita: "Hapa pana mtu."