Gereza letu lipandishwe hadhi, liwe hospitali ya walevi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wakazi wa Sumbawanga tunaleta ombi dogo, lisilogusa hata shilingi ya bajeti yako. Jengo lipo, wagonjwa wapo, na foleni ya kulazwa haikatiki. Kilichobaki ni kibao cha wizara getini.

Utaratibu wetu wa tiba ni huu. Mnywaji wa mtaani Chanji au Katandala akishindwa kuacha gongo, haendi kwa daktari. Difenda ya polisi inamzoa usiku, anaitwa mzururaji. Kesho yake yuko mbele ya hakimu, mikono inamtetemeka mpaka kofia aliyoivua inamponyoka, anaiokota, inamponyoka tena. Ni Julai, na baridi ya Ufipa haina mzaha, kwa hiyo waliomo ukumbini wanaamini ni baridi. Wengine wanasema ni woga. Kwamba mwili umezoea pombe na sasa unaidai, hilo halimo kwenye hati ya mashtaka. Faini hana. Anaandikiwa dozi: miezi mitatu, kutwa mara moja. Karandinga linampeleka wodini.

Wataalamu wako watakwambia kwamba mlevi sugu akikatishwa pombe ghafla, siku ya pili au ya tatu anaweza kupata degedege, akaona maruweruwe, hata akafa. Na kwamba daizepamu na thiamini, dawa zisizo ghali, huwavusha wengi. Hayo ni mambo ya hospitali za kawaida. Kwetu daktari wa zamu ya usiku ni nyapara.

Dozi ikiisha, mgonjwa anaruhusiwa, anapanda bajaji na kushukia kilabuni. Kuna wanaomwita mhalifu sugu. Sisi tunasema anahudhuria kliniki.

Najua wajuaji watakuletea Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Eti mwenye kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, akiridhia mwenyewe, anaweza kufanya kazi ya umma bila malipo huku akitokea nyumbani kwake. Yaani mlevi wetu afagie uwanja wa zahanati asubuhi, apite dirisha la dawa, kisha arudi kwake akapande mahindi! Hospitali gani hiyo? Huku mvua zinaanza Novemba. Ukimfunga mtu miezi mitatu msimu huo, umeufunga na mwaka wa wanawe, maana shamba lililokosa mbegu Desemba halisubiri mwenyewe atoke. Watoto hao wataacha shule, watashinda vilabuni, na wodi itapata wagonjwa wa kesho. Waliotunga sheria ile hawakufikiria uendelevu wa huduma.

Watakutajia pia Mahakama ya Afrika, ambayo tarehe 4 Desemba 2020 ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Mahakama hiyo iko Arusha, Mheshimiwa, na Arusha ni mbali. Kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu kinapanda difenda, kinafika usiku huohuo.

Mbeya, ambako ni zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, kuna kliniki ya methadoni tangu 2017. Watumiaji wa heroini wanakunywa dawa yao kila siku mbele ya muuguzi, wala hawafungwi pingu. Mtu wetu kosa lake ni kuchagua ulevi wa kimaskini. Serikali ilipopiga marufuku viroba vya pombe kali 1 Machi 2017, ilishughulika na mfuko wa plastiki. Aliyekuwa akiunyonya hakuna aliyemuuliza anaendeleaje.

Kibao kikikosekana, basi tuletewe ofisa wa uangalizi mwenye pikipiki yenye mafuta, na mtaalamu wa afya ya akili akae mahakamani kila Jumatatu, walevi wa wikendi wanapofikishwa. Tunaliomba hili kwa shingo upande, kwani vitanda vyetu vitabaki vitupu.

Wako mtiifu,
Mlipakodi, Katandala

Nakala: Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, mwenye jengo.
Mama muuza gongo wa mtaani kwetu, aliyekatazwa na sheria tangu 1966, kwa taarifa.