Olivares na Zárate: Nani Angemlaza Mwenzake?

Jamani, kuna ubishi ukiuanzisha kijiweni kahawa inapoa na hakuna anayekumbuka kikombe chake. Juzi ulikuwa huu: Rubén Olivares na Carlos Zárate, Wamexico wawili wa uzito wa bantamu, wangekutana ulingoni kila mmoja akiwa katika moto wake, nani angemlaza mwenzake?

Kijana mmoja wa bodaboda akadakia. "Zárate! Mapambano 52 bila kupigwa, 51 kamaliza kwa KO. Mnabishana nini wazee?"

Nikasonya. Hesabu yake ni ya kweli kabisa. Hadi Oktoba 1978 ni pambano moja tu la Zárate lililokwenda kwa pointi. Lakini ndugu zangu, bondia hapimwi kwa daftari. Uliza alikutana na nani, na siku aliyokung'utwa alifanya nini.

Nisije nikaonekana namdharau Zárate. Mtoto wa Tepito, mtaa mgumu wa Mexico City, mrefu wa karibu sentimita 173 na kilo 53 na nusu tu. Hana papara. Anakupima kwa kushoto, anakusogeza, halafu wa kulia unakuja umenyooka. Aprili 1977 kule Inglewood, California, walimletea Alfonso Zamora, Mmexico mwenzake, mapambano 29 na KO 29. Wote mabingwa, kila mtu na chama chake, na mikanda yenyewe haikushindaniwa. Zamora akaanza kwa fujo, Zárate akamwacha amwage nguvu zake, na raundi ya nne haikuisha. Novemba mwaka huohuo Zamora akanyang'anywa na mkanda.

Sasa njoo kwa Olivares. Agosti 22, 1969, Inglewood hiyohiyo, alimkuta bingwa Lionel Rose wa Australia, bondia fundi, mwenye miguu na akili. Raundi ya tano Rose alikuwa chini. Ukitaka kuelewa Olivares alikuwa nani, tazama mkono wake wa kushoto unavyokwenda kwenye ini.

Mzee mmoja pale kijiweni, aliyevaa glovu ujanani, aliweka kikombe chini akatuonyesha. Goti linakunjwa kidogo, kiwiko kimebana ubavuni, mwili unageuka wote, ngumi inapanda kutoka chini kama mtu anayenyanyua ndoo, inaingia chini ya mbavu za kulia za mwenzako. "Ukipigwa kichwani unazimika, hujui kitu," akasema. "Ukipigwa hapa akili zote unazo. Mwamuzi unamsikia akihesabu, ila mwili umegoma." Kijana wa bodaboda akashika ubavu wake mwenyewe.

Ubovu wa Olivares naujua. Alipenda starehe kuliko kambi, na alikuwa anachanika. Oktoba 1970 Chucho Castillo alimchana, mwamuzi akasimamisha raundi ya 14, mkanda ukaenda. Lakini Aprili 1971 alirudi kwa Castillo yuleyule akauchukua. Huo ndio moyo ninaousema. Kijana akanirushia jina la David Kotey, Mghana aliyempiga Septemba 1975 na kuwa bingwa wa dunia wa kwanza kutoka Ghana. Heshima kwa Kotey, tulijivunia Afrika nzima. Ila hiyo ilikuwa uzito wa unyoya, na Olivares wa 1975 ameshakula makonde ya miaka kumi. Sisi tunamzungumzia wa 1969.

Ninachokisimamia ni hiki. Oktoba 28, 1978, Zárate alipanda uzito akaenda San Juan, Puerto Rico, kwa Wilfredo Gómez. Gómez mfupi kuliko yeye, anaingia ndani, kushoto kwake kunauma. Raundi ya nne Zárate akaenda chini, ya tano ikawa mwisho. Najua, Gómez alikuwa nyumbani, na katika uzito wake. Lakini aina ya mtu aliyemsumbua Zárate ni ileile: mfupi, jasiri, anayeupita mkono mrefu na kufanya kazi kifuani. Olivares alizaliwa kwa kazi hiyo.

Pambano lenyewe lisingefanyika hata kwa dawa. Wote walilelewa na meneja mmoja, Arturo Hernández, na Zárate alipotwaa mkanda Mei 1976, Olivares alikuwa ameshahama bantamu zamani. Kinachoniuma ni kwamba Zárate hata mwisho wake hakutendewa haki. Juni 1979, Las Vegas, alimwangusha Lupe Pintor raundi ya nne. Jaji mmoja akampa Zárate 145 kwa 133. Wawili wakampa Pintor 143 kwa 142. Pambano lilelile, ulingo uleule! Zárate akaondoka kwenye ngumi, na miaka ikapita kabla hajarudi. Bingwa wa namna ile haondolewi kwa karatasi.

Hukumu yangu: raundi tano za mwanzo ni za Zárate, na Olivares anatoka damu juu ya jicho. Kuanzia ya sita mikono ya Zárate inaanza kushuka kulinda mbavu. Ya tisa, kushoto kwenye ini, hesabu inafika kumi. Anayebisha karibu kijiweni baada ya magharibi, ila kwanza atafute pambano la San Juan, atazame raundi ya nne yote.