Jinsi ya Kujua Uteuzi wa Asili Ulianza Lini, Bila Kutoka Kilembwe

Kwanza tafuta mzee. Hapa Kilembwe, Fizi, mashariki mwa Kongo, hawakosekani, na ukimwuliza mmoja alizaliwa mwaka gani hatakuna kichwa: Lumumba alikuwa ameshauawa, vita ya waasi wa Mulele ilikuwa bado. Hesabu mwenyewe: kati ya 1961 na 1964. Miaka mitatu tu ya mashaka, tena bila kompyuta. Iweke akilini hiyo mitatu.

Sasa chagua jeni. Usiende mbali, chukua ile inayowafanya wachumba wa mjini waulizane kabla ya mahari: wewe AA au AS? Ni herufi moja ya DNA iliyobadilika kwenye kromosomu ya 11, A ikawa T. Aliyerithi nakala mbili ni SS, mgonjwa wa selimundu, na maumivu yake si ya kufanyia mzaha. Aliyerithi moja, malaria kali humkosakosa, kwa hiyo mbu wenyewe ndio wanaoilinda herufi hiyo, na huo ndio uteuzi wa asili. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilionyesha hilo mwaka 1954. Swali la lini akatuachia sisi.

Usipime kwa wingi wa wenye nayo. AS wakizidi, SS nao wanazidi, na jeni inarudishwa chini, kisha inatulia palepale. Mtumbwi uliofungwa ufukweni Baraka haukwambii kama ulifika jana au mwaka juzi.

Nenda kwa fundi cherehani sokoni. Mpe pisi ya kitenge, yadi 6, yenye ua moja katikati. Ua ndiyo ile herufi, na siku ilipozaliwa ilizungukwa na kitenge kizima cha babu mmoja. Kila kizazi fundi anafumba macho, anakata popote, anaunga kipande cha ukoo mwingine. Leo pima kilichobaki kandokando ya ua. Kikiwa kirefu, ua ni la juzi. Kikiwa kiduchu, ni la zamani. Umepata idadi ya vizazi. Zidisha kwa umri wa wazazi, na hapo ndipo penye utamu, maana umri unauchagua wewe. Vizazi 260 vya miaka 28 vinakupa kama miaka 7,300, ambayo ndiyo Daniel Shriner na Charles Rotimi waliyotangaza mwaka 2018. Vipe miaka 25, inabaki 6,500. Karibu miaka 800 imetoweka na hakuna wa kushtakiwa.

Kama mkasi haukuridhishi, unda Kilembwe laki moja za uongo. Hapa utahitaji kompyuta, yaani paneli ya jua, yaani ugomvi na wote waliokuja kuchaji simu. Kila Kilembwe ipe idadi yake ya watu, ukali wake wa malaria na mwaka wake wa kuanza. Tupa zote ambazo damu yake haifanani na damu halisi, zilizobaki zitakujibu. Guillaume Laval na wenzake walifuata njia ya namna hiyo mwaka 2019, wakalinganisha wakulima na wawindaji wa misituni. Wakapata kwamba herufi ina kama miaka 22,000, na wawindaji waliipata baadaye sana, kwa kuzaa na wakulima.

Ndiyo, ni herufi ileile. Ukiulizwa, jibu kwa utulivu kwamba umri wa herufi si lazima uwe umri wa uteuzi: herufi inaweza kuzaliwa ikakaa bure vizazi na vizazi, ikingoja malaria ishamiri. Maneno haya ni kweli kabisa, na yana faida ya pili: ukipima kimoja na kuandika kingine, wachache watakushtukia.

Mwisho peleka majibu kwa mzee. Mimi wangu nilimkuta uani anamenya mihogo. Nikamweleza yote, mkasi, kitenge, zile Kilembwe laki moja, nikamalizia kwamba ni kati ya miaka 7,300 na 22,000 iliyopita. Akasimamisha kisu.

"Kwa hiyo, mjukuu wangu, ni kabla ya Mulele."